Pampu ya umeme ya dizeli kwa Massey Ferguson ya zamani: inapofaa, na inapoficha ubovu

Ukifika kaunta ya duka la spea ukasema trekta linakata mafuta, usishangae ukitolewa kiboksi kidogo cha chuma chenye nyaya mbili: pampu ya umeme ya volti 12. Inapatikana Kirinyaga Road Nairobi, inapatikana Gerezani Dar es Salaam, na masanduku mengi yameandikwa kwamba inafaa petroli na dizeli. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kulisha pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kubwa hadi kwenye nozeli, aina ya CAV DPA, kwenye injini ya Perkins AD3.152, ile ya silinda tatu na lita 2.5 inayokaa kwenye MF 135 na MF 35 nyingi.

Tunaangalia zaidi matrekta yaliyogeuzwa. Kuna MF 35 za mwanzo zilizotoka na injini ya Standard 23C ya silinda nne, zikavalishwa Perkins baadaye. Kuna ambazo tangi la asili lilioza, fundi akachomelea jingine na kulifunga nyuma ya kiti au ubavuni. Na kuna ambazo hazilimi tena: zimefungwa pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi, zinanyonya dizeli kutoka kwenye dumu lililowekwa chini. Hizi zote zina paipu ambazo kiwanda hakikuzichora, na humo ndimo ubovu unapojificha.

Alama zetu ni mbili kwa sababu kazi ni mbili. Kwa trekta ambalo tangi liko juu ya injini, 2 kati ya 5. Kwa trekta ambalo tangi limeshuka chini ya usawa wa injini, 4 kati ya 5, ukiifunga vizuri. Ni pampu ileile, lakini katika hali ya kwanza unalipia kitu kitakachofunika ugonjwa mpaka uwe mkubwa.

Injini inataka mafuta kiasi gani

Ikilima kwa nguvu zote, injini hii inakunywa takriban lita 10 kwa saa. Gawanya kwa 60: mililita 170 hivi kwa dakika, chini ya chupa moja ya soda. Pampu hizi huandikwa lita 100 na zaidi kwa saa. Kama trekta linashindwa kupata mililita 170 kutoka kwenye tangi lililo juu yake, mahali ambapo uzito wa dizeli wenyewe unaisukuma chini, basi tatizo si upungufu wa nguvu ya kusukuma. Kuna kitu kimeziba, au kuna mahali panapoingia hewa. Pampu ya umeme italazimisha mafuta yapite kwenye tundu lililobaki, trekta litalima wiki mbili tatu, kisha litazima katikati ya shamba likiwa na uchafu maradufu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, pima. Vifaa ni chupa yenye alama za mililita, nusu mita ya paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, na spana. Kwenye skrubu za kutolea upepo za DPA, spana ya 5/16 ya inchi ndiyo yake, na ya milimita 8 inaingia bila kuharibu kona.

Fungua paipu inayoingia kwenye fidi pampu, ile ya asili iliyo ubavuni mwa bloku, inayoendeshwa na injini na yenye kiwiko cha kupampu kwa mkono (hapa tutaiita ya mkono), ielekeze kwenye chupa, kisha fungua koki ya tangi. Kwa tangi la juu, dai angalau nusu lita kwa dakika. Usiridhike na dakika ya kwanza. Acha dizeli itiririke kwenye ndoo safi kwa dakika kumi, ukiirudisha tangini kupitia kitambaa, kwa sababu vumbi la kutu na vipande vya rangi huchukua muda kusogea hadi kwenye mdomo wa koki. Ndiyo maana trekta la namna hii hulima robo saa, likafa polepole, na ukilipumzisha dakika tano likawaka kana kwamba halikuwa na shida: uchafu umeanguka chini tena.

Mtiririko ukipungua, fungua kifuniko cha tangi kabla ya kugusa kingine. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na mafuta yakaanza kuja kwa kasi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba kwa vumbi. Kwenye matangi ya kuchomelea tundu hilo mara nyingi halikuwekwa kabisa, kwa kuwa fundi alichukua kifuniko cha dumu. Toboa tundu la milimita 2 ubavuni mwa shingo ya kifuniko na umemaliza kazi. Ikiwa kifuniko hakina kosa, toa koki. Nyingi zina chujio la nyavu lililosimama ndani ya tangi, na hilo ndilo limevikwa utando. Kupuliza kinyume kwa pampu ya baiskeli huku kifuniko kikiwa wazi kutakusaidia umalize siku, lakini uchafu bado umo ndani.

Moshi nao unasema. Trekta lililonyimwa dizeli hupoteza nguvu bila moshi mweusi. Likitoa moshi mweusi huku likilemewa, mafuta yanafika, linalokosekana ni hewa safi au mzigo umezidi. Nenda kwenye filta ya hewa. Sauti inayopanda na kushuka yenyewe, na moshi mweupe wa kukatika-katika, ni dalili za upepo ndani ya mafuta.

Upepo ndio unaowasumbua mafundi, kwa sababu tundu upande wa kuvuta halitoi tone hata moja nje. Linavuta hewa tu. Funga ile paipu inayoonyesha ndani kati ya filta na DPA, washa, piga resi, angalia. Mapovu yanayopita mfululizo yanamaanisha kuna muungano unaovuja. Iondoe paipu hiyo baada ya kupima: plastiki ya kawaida hukakamaa kwa dizeli, hupasuka kwenye klemu, nawe utakuwa umejitengenezea ubovu mpya.

Mwisho pima fidi pampu yenyewe. Funga geji ndogo ya psi 0 hadi 15 kwenye mdomo wa kutolea, vuta kijiti cha kuzimia injini isiwake, kisha zungusha kwa stata sekunde 10. Pampu nzima inafika psi 6 bila taabu. Isiyofika 4.5 ifunguliwe au ibadilishwe. Ikifika lakini presha ikaanguka hadi nusu kabla ya sekunde 30, vali zake hazikazi.

Kama vyote hivi ni vizima na trekta bado linakufa likilemewa, kuna kichujio kidogo cha nailoni ndani ya bamba la mwisho la DPA, pale mafuta yanapoingilia. Hicho ni cha kupelekwa kwenye karakana ya pampu za nozeli, si cha kufungulia chini ya mwembe. Pampu ya umeme haitakisafisha.

Pampu yenyewe

Sokoni kuna makundi matatu yanayofanana sana machoni. La kwanza ni za kabureta ya petroli, zenye psi 2.5 hadi 4. Zinafanya kazi, lakini zikikutana na filta ya karatasi iliyochakaa kidogo huelemewa. La pili, ambalo tunalipendekeza, ni la psi 4 hadi 7. Hilo liko karibu na presha ya fidi pampu ya asili, kwa hiyo DPA haioni tofauti. La tatu ni pampu za magari ya petroli yenye injekta, zinazosukuma bar 3 hivi, yaani psi 40 na ushee. Usiifunge hata kama muuzaji anasema "hii ndiyo kali". DPA imetengenezwa kupokea presha ndogo. Ukiizidishia unapitisha mafuta kwenye sili ya shafti yake, na dizeli inaingia kwenye oili ya injini.

Ijaribu dukani. Waya mbili kwenye betri: ikiwa kavu inagonga haraka. Weka upande wa kuvuta kwenye kopo la dizeli, iache ijae, kisha ziba mdomo wa kutolea kwa kidole gumba. Nzuri itapunguza mapigo hadi karibu kunyamaza, kwa kuwa presha imejaa na haina pa kwenda. Ikiendelea kugonga kwa kasi ileile, vali zinavuja ndani, na hiyo ni mpya kwa sura tu. Angalia pia nipeli: ziwe za paipu ya milimita 8 ya ndani. Za milimita 6 zinapitisha, lakini utalazimika kubana paipu kubwa juu ya nipeli ndogo, na hapo ndipo hewa inapoingilia.

Inachofanya vizuri kuliko fidi pampu ya mkono ni mambo mawili. Kutoa upepo kunakuwa kazi ya dakika moja badala ya kuchosha kidole kwenye kile kiwiko. Pili, na hili linatosha kumfanya fundi awe na moja ndani ya sanduku lake la vifaa hata asipoifunga kwa mteja: ukiiweka karibu na tangi, mstari wote unaofuata unakuwa na presha badala ya kuvuta. Tundu lililokuwa likivuta hewa kimya sasa linatoa dizeli nje, unaliona, unalifunga.

Udhaifu wake: chembe moja ya mchanga inatosha kuizuia vali isifunge. Na inategemea umeme. Matrekta mangapi vijijini yanawashwa kwa kusukumwa kwa sababu betri ilikufa msimu uliopita? Kwa trekta la namna hiyo fidi pampu ya mkono haina mpinzani.

Kosa linaloua injini

Mafundi wengi huiacha fidi pampu ya asili mahali pake na kuitanguliza ya umeme kwenye mstari, wakidhani mbili ni bora kuliko moja. Ndani ya fidi pampu kuna daiframu, ngozi inayotenganisha dizeli na oili ya injini. Fidi pampu ikilegea kwa uzee, daiframu ndiyo mara nyingi imepasuka. Sasa unaisukumia dizeli kwa psi 5, mfululizo, hata injini ikiwa imesimama, mradi swichi imewashwa. Dizeli inapita kwenye mpasuko na kujaa kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili inakuwa nyepesi kama maji, beringi za konrodi zinakwenda, au kiwango kinapanda hadi injini inaanza kujichomea mchanganyiko huo na kupiga resi yenyewe bila kuzimika.

Dalili ni rahisi kuiona: oili inayopanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kushuka, na harufu ya dizeli. Ukiikuta hali hiyo, mwaga oili yote na ubadilishe filta yake kabla ya kuwasha tena.

Kwa hiyo sheria haina mjadala. Ukifunga ya umeme kuwa ya kudumu, itoe ya mkono. Ziba tundu lake kwenye bloku kwa bamba la chuma la milimita 5 au 6 lililotobolewa kwa kufuata gasketi ya pampu, na gasketi mpya chini yake. Hesabu bolti kabla ya kukata bamba, maana kuna fidi pampu za bolti mbili na za bolti nne.

Kuifunga kwenye trekta lenye tangi la chini

Hapa ndipo pampu inapostahili alama zake. Dizeli ikiwa chini ya injini, fidi pampu ya zamani inalazimika kuinyonya juu, na kila muungano uliolegea unakuwa mlango wa hewa.

Pampu hizi zinasukuma vizuri kuliko zinavyonyonya. Ifunge karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta ikiwezekana, mdomo wa kutolea ukitazama juu ili mapovu yapande na kutoka, mbali na paipu ya ekzosi. Kati ya tangi na pampu weka chujio la nyavu, si la karatasi. Kale kachujio ka plastiki ka pikipiki kanakoonyesha ndani kanavutia macho, lakini karatasi yake ni ndogo mno. Upande wa kuvuta kanaziba haraka na kuleta ugonjwa uleule uliokuwa unautibu. Kazi ya kuchuja laini na kutenga maji ni ya filta ya CAV 296 iliyo baada ya pampu, yenye bakuli chini. Paipu iwe ya mpira wa kustahimili dizeli, milimita 8 ndani, na klemu mpya.

Nyaya: kabla ya yote, angalia ni ncha gani ya betri imefungwa kwenye bodi. Matrekta mengi ya Uingereza ya zamani yenye dainamo yalifungwa chanya kwenye bodi, na pampu yenye transista ndani ikigeuziwa nyaya inaungua papo hapo. Fyuzi ya ampea 5 inatosha. Chukua umeme baada ya swichi ya ufunguo, lakini usiishie hapo, kwa sababu paipu ikikatika trekta likiwa limewashwa swichi, pampu itaendelea kumwaga dizeli juu ya injini ya moto. Rilei ya pini tano, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inatatua: 86 kwenye swichi ya ufunguo, 85 kwenye swichi ya taa ya oili, 30 kwenye fyuzi, na 87a kwenye pampu. Presha ya oili isipokuwepo, swichi ya oili inaikamatisha rilei na pampu inazimwa. Presha ikipanda, rilei inaachia na pampu inafanya kazi. Ongeza kitufe cha kubonyeza kutoka kwenye fyuzi moja kwa moja hadi kwenye pampu, kwa ajili ya kutoa upepo na kuwasha asubuhi.

Tangi nalo. Likichomelewa kwa bati lenye zinki, dizeli hutengeneza na zinki hiyo ute unaoziba filta, na utabadilisha filta hadi uchoke bila kujua kwa nini. Tumia chuma cheusi. Mdomo wa kutolea uwe milimita 25 juu ya sakafu ya tangi, na plagi ya kumwagia maji pale chini kabisa. Bomba la kurudishia kutoka nozeli liingie juu, mbali na mdomo wa kuvuta, lisipeleke mapovu huko.

Kwa tangi la juu, nunua hivi badala yake

Fidi pampu mpya ya mkono, na elementi ya 296 pamoja na sili zake zote. Fidi pampu ijaribiwe kaunta: lowesha kidole, ziba upande wa kuvuta, bonyeza kiwiko kisha uachie, mvuto ubaki kwenye kidole kwa sekunde kadhaa. Wakati wa kuifunga, kama inakataa kukaa sawa na unalazimika kuivuta kwa bolti, kemu, sehemu ya ndani ya injini inayoisukuma pampu, iko juu. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili wa krenkshafti, itakaa yenyewe. Hali hiyohiyo ndiyo hufanya kiwiko cha kupampu kilegee bila kusukuma chochote, na watu hutupa pampu nzima kwa sababu hiyo tu.

Kwenye filta, sili ya zamani ya juu hubaki imeng'ang'ania kwenye mfereji wa kichwa cha filta. Ikiwekwa mpya juu yake, zinakuwa mbili na haziketi. Ing'oe kwa bisibisi butu, ufute mfereji. Oringi ndogo ya bolti ya katikati nayo ibadilishwe. Inasahaulika mara nyingi, na inavuta hewa. Washa za shaba za banjo, zile bolti zenye tundu zinazoshika paipu, zinaweza kutumika tena ukizichoma hadi ziwe nyekundu na kuzitumbukiza kwenye maji ili zilainike.

Kutoa upepo baada ya kazi

Iwe umefunga ya umeme au ya mkono, njia ni moja. Hakikisha kijiti cha kuzimia kimerudishwa ndani. Legeza plagi ya upepo juu ya kichwa cha filta, bonyeza kitufe au pampu kwa kiwiko mpaka itoke dizeli tupu isiyo na povu, kisha kaza. Nenda kwenye DPA: skrubu ya ubavuni kwenye kichwa cha hidroli kwanza, halafu ile ya kwenye nyumba ya gavana. Usiikaze mpaka mapovu yaishe kabisa, kwa sababu povu dogo linalobaki hapo ndilo linalofanya injini iwake, iende nusu dakika na kuzima. Kisha legeza nati za nozeli mbili kwa nusu mzunguko, sukuma resi hadi mwisho, na zungusha kwa stata kwa vipindi visivyozidi sekunde 15, ukiipumzisha katikati. Dizeli ikianza kuruka kwenye nati, kaza, washa.

Weka macho mbali na nati hizo injini ikiwa inazunguka. Dizeli ya nozeli ina presha ya kupenya ngozi, na ikipenya hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo.